Jinsi ya Kufika Jumatatu Mkiwa Bado Mmeoana

Mwongozo huu ni kwa mke na mume wa Kitanzania wanaoishi Berlin, wenye shangazi Hamburg, wifi aliyeolewa na Mjerumani kijijini Brandenburg, na mama mkwe Tanga ambaye ameambiwa kwamba Ulaya watu hawafanyi kazi Jumamosi na Jumapili, hivyo haelewi kwa nini simu haipokelewi. Wasio na ndugu hawana haja ya kuendelea kusoma. Wakalale.

Wikiendi huanza Alhamisi usiku. Kaeni mezani, fungueni kalenda, na mmoja wenu atamke: "Wiki hii tutoke sisi wawili tu." Mwingine aitikie, "Sawa." Msiongeze neno. Msitaje mahali, msikate tiketi, na msimwambie mtu yeyote, maana mkidokeza tu kwamba mtakwenda ziwani, kabla ya Ijumaa adhuhuri kundi la ukoo kwenye WhatsApp litakuwa limeshagawana nani aje na wali na nani abebe mkaa.

Ijumaa jioni simu italia. Mpigaji hatasema anachotaka. Atauliza hali, atauliza kazi, atauliza baridi, atawaulizia watoto wa watu msiowaona tangu harusi ya Kinondoni, na mkishaanza kuamini kwamba ni salamu tu, atatupia swali: "Na kesho mpo?" Jibu sahihi halipo. Mkisema mpo, anakuja. Mkisema hampo, anauliza mnakwenda wapi, na kumbe hata yeye hajawahi kufika huko.

Jumamosi asubuhi, nunueni kila kitu

Katiba ya Weimar ya mwaka 1919, kifungu cha 139, iliilinda Jumapili iwe siku ya mapumziko na ya kuinua roho, na Katiba ya Ujerumani ya 1949 ikakibeba kifungu hicho kama kilivyo. Tafsiri yake jikoni ni kwamba kitunguu kisiponunuliwa Jumamosi hakipo tena mpaka Jumatatu. Nyumbani mgeni akibisha hodi, mtoto anapitishwa mlango wa nyuma na kutumwa dukani kwa Mangi, na mgeni anajifanya hajamwona. Hapa Mangi amefunga kwa amri ya katiba. Zimebaki duka la mikate, kituo cha mafuta na maduka ya ndani ya stesheni kubwa. Nendeni kituo kikuu cha reli cha Berlin Jumapili mchana mkaone foleni: humo mtawakuta Watanzania wote waliopigiwa hodi asubuhi, kila mmoja ameshika kuku wa barafu na anakwepa macho ya mwenzake.

Yanayohitaji kelele nayo yafanyike Jumamosi. Jumapili hairuhusiwi kutoboa ukuta, wala kukata majani kwa mashine, wala kwenda kutupa chupa kwenye pipa la vioo, kwa sababu zinalia. Sheria haijataja kinu na mchi kwa majina, ila jirani wa chini anajua kusoma kati ya mistari. Mkitwanga kisamvu Jumapili, Jumatatu mtakuta barua mlangoni, imechapwa, imejaa heshima, na kila sentensi inaanza kwa kuwatakia siku njema.

Matembezi ya wawili, endapo mmebaki wawili

Pa kwanza ni jumba la makumbusho, Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Humo amesimama mtu wa kwetu, mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, kimo chake mita 13.27. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, enzi za Mjerumani, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandarini Lindi. Majina ya wataalamu wa Berlin yanajulikana; la Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, waulizeni watu kumi waliotoka kumpiga picha mjusi muone wangapi wanalijua. Tangu 1937 amesimamishwa ukumbini, na wabunge wetu wameshamuulizia Dodoma. Faida yake kwenu ni kwamba katika nchi nzima ya Ujerumani huyu ndiye ndugu pekee anayetembelewa bila miadi, hali kitu, wala hawaulizi mtaongeza mtoto lini. Mume ataanza hotuba kuhusu ukoloni. Mke ampe nafasi mpaka afike kwenye mkia, kisha amkumbushe kwamba mgahawa unafunga.

Kutoka hapo pandeni treni ya chini ya ardhi mpaka Wedding, kwenye mtaa wanaouita wa Kiafrika, ambako kuna barabara ya Sansibarstraße na, tangu tarehe 23 Agosti 2024, barabara ya Maji-Maji-Allee. Pigeni picha chini ya kibao. Zamani barabara hiyo ya pili iliitwa Petersallee, ikimtukuza Carl Peters, yule yule aliyewatilisha wazee wetu saini kwenye mikataba wasiyoijua na kuacha makaburi Kilimanjaro. Mwaka 1986 wakubwa wa mtaa walianza kuona aibu, wakapata dawa isiyo na gharama: jina likabaki pale pale, ila ikatangazwa kwamba Peters anayeheshimiwa si yule tena, ni mwingine, mwanasheria Hans Peters. Mbinu hii wanandoa waikariri. Mume akisahau siku ya ndoa, asihangaike kuomba radhi. Atangaze tu kwamba maua aliyoleta mwezi uliopita yalikuwa ya siku hiyo.

Pa kukatazana ni Tropical Islands, kilomita takriban 60 kusini mwa Berlin. Ni banda lililojengwa kwa ajili ya kuunda ndege za puto. Kampuni ikaanguka, na tangu 2004 ndani yake kuna mchanga, maji ya kuogelea, miti ya nchi za joto, na nyuzi joto 26 mwaka mzima. Mzaliwa wa Pangani anayelipa kiingilio ili akakae chini ya mnazi ndani ya jengo la chuma, huku nje theluji inaanguka, hatuna cha kumsaidia. Lakini mkishindwa kujizuia, basi nendeni Februari, na msitume picha nyumbani. Mtaulizwa mmefika lini na kwa nini mmepita Tanga bila kubisha hodi.

Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 ukawa bustani 2010, panafaa kwa nyama choma kwenye sehemu zilizoruhusiwa. Upepo unavuma. Shikeni sahani.

Hamburg kwa Shangazi

Hapa ndipo wikiendi nyingi zinakozikwa, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza usafiri. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Inawapandisha treni zote isipokuwa zile za masafa marefu. Mume ataitetea kwa hoja moja: "Tumeshailipia, safari ni bure." Msiibishie hoja hii ndani ya treni, kwa sababu Hamburg iko kilomita kama 290, treni ya haraka huchukua chini ya saa mbili pakiwa pazuri, na nyinyi mtakuwa bado mnabadilisha treni ya pili mkiwa na mtoto, sufuria na gunia dogo la mchele ambalo Shangazi hakuliomba. Tena mjue kwamba njia hiyo ilifungwa Agosti 2025 kwa ukarabati mkubwa. Sisi tulipomweleza Shangazi, akacheka. Alikuwa ameshasikia visingizio vingi maishani, lakini cha kufungwa reli kati ya miji miwili mikubwa ya Ujerumani, kwa miezi, alikiri kwamba kina ubunifu.

Mkifika, shikamoo, kisha kaeni. Msiulize chakula ni saa ngapi. Mmeshachelewa na kimeshaanza. Shangazi ameishi Ujerumani muda mrefu na kwa Wajerumani anafika dakika tano kabla ya wakati. Kwa ndugu zake bado anaishi kwa saa za Chumbageni, Tanga. Msijaribu kumkumbusha kwamba mlisema mtalala usiku mmoja tu. Godoro la pili limeshatandikwa, na mmewekwa vyumba tofauti, mke na watoto wa kike, mume sebuleni na binamu anayekoroma. Kuhusu ile ahadi ya Alhamisi usiku, wekeni subira.

Jumapili mtaamshwa gizani. "Baba, amkeni, samaki hawangoji." Soko la samaki la Hamburg hufanyika kila Jumapili tangu 1703, na majira ya joto linafunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 3:30 asubuhi, kwa sababu zamani wavuvi waliruhusiwa kuuza kabla ya ibada, na utaratibu ukakaa. Ni mahali pekee Ujerumani ambapo Jumapili ina kelele halali. Wachuuzi wanasimama juu ya magari yao wakipaza sauti, wanatupia samaki wa kukaushwa mmoja juu ya mwingine ndani ya mfuko, bei inashuka kadiri mfuko unavyojaa, na watu wanashangilia. Shangazi huwa hashangilii. Anasimama mbele kabisa, mtandio begani, anamtazama mchuuzi kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize kudanganya, na mchuuzi akishafika bei yake ya mwisho, yeye ndiyo anaanza. Kazi yenu ni kubeba.

Kurudi Berlin mtapewa makopo ya aiskrimu. Someni sehemu hii mara mbili. Kopo limeandikwa vanila, lita mbili, pembeni kuna picha ya ua jeupe, na ndani yake mna samaki wa kupaka walioganda mpaka mfuniko umevimba. La pili limeandikwa chokoleti; hilo ni maharage ya nazi. La tatu halina maandishi kwa sababu limeoshwa sana, na ndani yake mna kopo jingine. Chakula ni chenu, makopo ni ya Shangazi. Anajua idadi yake. Na hayarudi matupu: kopo likija bila kitu ndani, habari itafika Tanga kabla hamjavuka mlango. Wekeni hata mahamri manne. Kwa njia hii mtagundua kwamba ziara ya Hamburg haijaisha kamwe tangu ile ya kwanza; mnachofanya ni kurudisha makopo na kupewa mengine.

Kisha treni. Treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati mwaka 2024 zilikuwa asilimia 62.5, na kuchelewa kwa chini ya dakika 6 hakuhesabiwi kuwa kuchelewa. Zenu ni za mikoani, zina nafuu kidogo, ila huwekwa pembeni kuzipisha zile kubwa zilizochelewa. Mahali fulani katikati ya mashamba, treni itasimama. Simu haina mtandao. Mtoto amelala juu ya gunia tupu la mchele. Hakuna ndugu anayeweza kuwapata na hakuna mlango wa kubishwa hodi. Huo ndio mtoko wenu wa wawili. Utumieni vizuri, kwa maana sauti itatangaza safari inaendelea wakati wowote. Wengi huutumia kugombana kuhusu ile tiketi.

Kwa Wifi, saa tisa kamili

Shemeji Mjerumani ataalika wiki tatu kabla, kwa maandishi, na saa ya kufika na ya kuondoka. Saa tisa alasiri maana yake ni saa tisa. Mkifika saa nane na dakika 50, msibonyeze kengele. Zungukeni nyumba, katazameni ng'ombe. Mkifika saa tisa na robo, pigeni simu njiani mkieleza sababu, na sababu iwe ya reli, maana hiyo Mjerumani huikubali kwa huzuni.

Zawadi ni maua, na idadi yake iwe witiri. Msiende na kilo mbili za sukari na mkate, wanayo sukari. Viatu vinavuliwa mlangoni, na mtapewa ndara za wageni kutoka kwenye kapu, ambazo hazimtoshi yeyote.

Sasa keki. Mama yake shemeji ameoka keki ya plamu kwa mkono wake, na baada ya kipande cha kwanza atauliza kama mnaongeza. Kwetu mtu hukataa mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa mazoea, na ya tatu anasogeza sahani. Hapa mara ya pili haipo. Ukisema, "Hapana, nimeshiba," yule mama anakuamini. Ananyanyua keki, anaifunika, anaipeleka jikoni, na mlango unafungwa. Nimemwona mume wa mtu akiufuata ule mfuniko kwa macho mpaka ukapotea. Semeni ndiyo mara moja, semeni upesi.

Kinyume chake ni kizito zaidi. Shemeji akija kwenu, msimsihi. Alipokuja mara ya kwanza, mke mwenye nyumba alimwongezea wali kila sahani ilipopungua, na yeye, akidhani kumaliza ndiyo heshima, akamaliza kila mara. Wote wawili walikuwa na adabu, na ilibidi mmoja alazwe kwenye kochi.

Baada ya keki kuna matembezi. Familia nzima, pamoja na bibi na mbwa, inavaa makoti na kuingia msituni. Msiulize mnakwenda wapi. Hamwendi popote, mnazunguka na kurudi. Msiulize pia kuna jambo gani la kuzungumzwa huko porini lisilozungumzika ndani.

Jioni msitegemee sufuria. Mezani mtaandaliwa mkate, jibini, nyama za baridi na matango ya siki, na hicho ndicho chakula cha usiku kamili, si cha kungojea kingine. Wazoefu hula ugali kabla ya kutoka nyumbani na huacha kiporo. Wanaojifanya wamezoea hupitia kituo cha mafuta.

Mama mkwe akija

Huyu ni mama mzazi wa mke. Kabla hajapanda ndege, mume ataitwa ofisi ya uhamiaji kutia saini hati ya kujifunga, kwa ada ya euro 29, mbele ya karani, kwamba gharama zote za mama mkwe akiwa Ujerumani, za kulala, kula, kuugua na hata za kurudishwa kwao, ziko juu yake. Wachaga, Wasambaa na Wadigo wana masharti yao, lakini mahari ya namna hii, inayoandikwa baada ya ndoa na kugongwa muhuri wa serikali, mpaka uje Berlin. Ongezeni bima ya afya ya kuanzia euro 30,000 na ada ya viza euro 90. Baada ya hapo ana haki ya kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Mama hatakumbuka tarehe nyingine yoyote, hii ataikumbuka.

Nyumba ina vyumba viwili na bafu moja. Kwa hiyo mume atavaa suruali ndefu kuanzia kuamka mpaka kulala, kwa siku hizo zote 90, na atajifunza kukohoa kabla ya kugeuza kitasa. Kaptula ihifadhiwe ofisini.

Mtampeleka ziwani, kwa sababu jua limetoka na ni Jumamosi. Chunguzeni ziwa kwanza. Berlin ina fukwe ambazo watu huoga uchi, jambo la kawaida, na hakuna anayeshangaa isipokuwa aliyekuja na mama mkwe. Teufelssee, ndani ya msitu wa Grunewald, linajulikana kwa hilo. Hata ufukwe mkubwa wa Wannsee una sehemu yake iliyotengwa. Ikiwateleza, mume ageukie miti na atafute ndege wa kumtazama. Mke amshike mama mkono. Mama atasimama kimya, atawaangalia wale wazee wanaocheza mpira kwa utulivu, vitambi na mvi, kisha atauliza swali moja tu: "Na hawa nao wana wakwe?"

Wiki ya tatu atakuwa amefahamiana na yule jirani wa chini. Msiulize kwa lugha gani. Mtamkuta jikoni kwenu Jumapili, bila miadi, anakula maandazi, na kinu kikilia hakuna barua.

Siku ya kuondoka, mpimieni begi nyumbani kwa mizani ya bafuni: mume apande akiwa amelibeba, kisha apande mikono mitupu, mke afanye hesabu. Litazidi. Mtalifungua sebuleni, na mtakuta sufuria mbili za chuma, mablanketi, sabuni, chokoleti, vile viatu vya baridi ambavyo Tanga havitavaliwa, na makopo matatu ya aiskrimu ya Shangazi. Toeni sufuria. Toeni mablanketi. Makopo yarudishwe Hamburg, na kitu ndani. Chokoleti msiziguse, zote zimeshaandikwa majina ya watu.